Dakika Nne za Kituo cha Mbali

Kazini walimwita Mkasi. Wenzake walilitamka jina hilo kwa mzaha, naye aliitika kwa mzaha, mpaka likamkaa mwilini kama alilopewa na wazazi. Kwa miaka thelathini na minne alifanya kazi katika bodi ya ukaguzi wa filamu, ghorofa ya tatu, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mlikuwa na viti sita, meza ya chuma, na ukuta mmoja uliopakwa chokaa nyeupe ili picha ziangukie hapo. Filamu yoyote iliyokusudiwa kuonyeshwa nchini ilipita kwanza machoni pake. Aliitazama, daftari likiwa mapajani na saa ya kuhesabu sekunde ikiwa mkononi, kisha akaandika ripoti, na palipotolewa agizo la kukata, akaenda mezani akakata. Baadaye mikanda ikapotea zikaja diski, na diski nazo zikapotea, ikawa kazi yote inafanyika kwenye kompyuta. Akajifunza kukata kwa kubonyeza. Jina likabaki lile lile.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye miwani mizito. Siku aliyoajiriwa aliapishwa asitoe nje siri za bodi, na kiapo hicho alikishika kuliko walivyokishika wakubwa wake. Hata marehemu mumewe, waliyeishi naye miaka kumi na tisa, hakuwahi kumsikia akitaja filamu aliyoikata wala sababu ya kuikata. Majirani walipomuuliza, "Eti wewe unalipwa kwa kutazama sinema?" alicheka tu, akageuza maneno.

Lakini kuna mwongozaji mmoja ambaye kazi zake alizijua kama mtu anavyozijua hatua za ndugu yake koridoni. Mwongozaji huyo wa nchi za mbali alitengeneza filamu za mambo ya kubuni ya sayansi: vyombo vya anga, roboti, miji isiyokuwepo. Wengine waliotengeneza filamu za aina hiyo walimchosha. Huyu hakumchosha. Filamu yake ya kwanza ilihusu mji ambao mvua inagawiwa kwa zamu, mtaa baada ya mtaa. Saa nzima na nusu watu hawasemi maneno yanayozidi ukurasa mmoja, na mtazamaji haelezwi kitu, anaelewa kwa kuangalia mikono yao. Ya pili ilihusu ndugu wawili na roboti lao bovu linalokataa kuzimwa. Ya tatu ndiyo iliyompa jina dunia nzima, nayo ni *Kituo cha Mbali*, habari za rubani anayetumwa kwenye kituo kilicho mbali sana angani, safari ya miaka mingi.

Mwongozaji huyo alikuwa na tabia moja ambayo Mkasi aliigundua kwa sababu ya ile saa yake. Kila mtu alipoondoka, kamera ilibaki ikiutazama mlango. Mtu keshakwenda, hakuna kinachotokea, na mlango bado unatazamwa. Katika filamu ya kwanza, aliyokuja kuipima kwenye nakala ya bodi, zilikuwa sekunde tisa. Katika *Kituo cha Mbali* zilikuwa kumi na moja.

*Kituo cha Mbali* ilifika bodi mwaka wake wa kwanza kazini. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ana kiu ya kuonekana. Walikaa wanne chumbani, pamoja na mkuu wa bodi, mwanamume mnene aliyependa kusinzia taa zikizimwa. Filamu ilipokwisha mkuu alijinyoosha akasema, "Safi. Hii ipite kama ilivyo."

Mkasi akanyoosha mkono.

"Samahani, mkuu. Kuna kipande cha dakika nne, kabla rubani hajaondoka. Pale jikoni kwa baba yake. Maneno ya yule mzee yanawafundisha vijana kudharau agizo la wakubwa."

Mkuu alimtazama kama vile ndiyo kwanza amemwona. Akafikiri kidogo, au alijifanya anafikiri.

"Una jicho, binti," akasema. "Haya, kata."

Alikata siku hiyo hiyo, akaunganisha pande mbili kwa gundi, akaandika ripoti ya nusu ukurasa. Jioni alirudi nyumbani amejaa fahari, hatua zenyewe nyepesi.

Nyumbani walikuwa watatu. Baba yao alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba ambaye alianguka kutoka kwenye ngazi akabaki na mguu mmoja mgumu. Mama alikuwa amefariki siku nyingi. Na kulikuwa na mdogo wake wa kiume, miaka ishirini, fundi mwanafunzi wa pampu za maji, kijana mwenye haraka ya kuishi. *Kituo cha Mbali* ilipoanza kuonyeshwa, kijana huyo aliitazama mara sita. Alitembea kama stelingi wa filamu hiyo, alivuta pumzi kama stelingi, mpaka mtaa mzima ukamwita Rubani, ingawa ndege yenyewe hakuwahi kuikaribia. Kilichowapandisha vijana mori ni pale rubani anapotoka getini na kufumba na kufumbua chombo kinapaa. Walikuwa wakiulizana vijiweni, "Umeona? Hakugeuka!" Hakuna aliyejua kwamba kati ya geti na chombo palikuwa na kitu.

Mwaka ule ule Rubani alipata kazi migodini, mwendo wa siku mbili. Aliondoka alfajiri bila kumwamsha mtu. Dada yake aliamka akakuta kitanda kimetandikwa. Baba alikunywa chai yake, akauliza, "Ameondoka?" na alipojibiwa kwamba ndiyo, hakuuliza tena.

Miezi minane baadaye mzee alikufa usingizini. Habari zilichelewa kufika mgodini, na Rubani alipofika watu walikuwa wamezika na kutawanyika. Alikaa kizingitini na begi lake miguuni, uso umemvimba kwa safari na machozi.

"Sikumuaga, dada," alisema. "Nilitaka niondoke kama yule rubani. Bila kugeuka. Niliona ndiyo uanaume."

Mkasi alifungua mdomo, akakumbuka kiapo, na nyuma ya kiapo akakumbuka hofu yake mwenyewe iliyokuwa kubwa zaidi. Akauma ulimi. Aliuma ulimi kwa miaka thelathini na mitatu.

Wakati huo wote mwongozaji yule aliendelea kutoa filamu, naye Mkasi akaendelea kuzipokea. Zilizofuata zilikuwa na makelele. Majumba yaliporomoka, sayari zilipasuka, watu walielezana kwa sauti kubwa mambo ambayo zamani wangeyamaliza kwa kutazamana. Siku moja mkaguzi kijana alimuuliza kwa utani, "Mkasi, na ule mlango wako?" Akajibu, "Mlango gani? Si wameshaulipua." Wakacheka, lakini moyoni alisononeka, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani akamkuta amekuwa mpiga porojo.

Mwaka aliostaafu ndipo ilipotangazwa kwamba mwongozaji, sasa mzee wa miaka themanini na kitu, amemaliza sehemu ya pili ya *Kituo cha Mbali*. Watu walikuwa wameingoja hadi wakakata tamaa. Rubani, ambaye siku hizi alikuwa msimamizi wa mitambo katika idara ya maji, mwenye mvi na wajukuu wawili, alipiga simu asubuhi na mapema.

"Dada! Imetoka! Jumamosi saa nane mchana, mimi na wewe. Nishachukua tiketi."

"Goti langu linanisumbua, mdogo wangu."

"Goti utalikalia. Huko kuna viti."

"Nenda na wifi."

"Wifi yako anasema akiona chombo cha anga anapata kizunguzungu. Dada, usinikatae. Hii nimeingoja tangu nina nywele nyeusi."

Hakuwa na pa kutokea. Akaenda.

Ukumbi ulijaa. Nusu walikuwa vijana, nusu watu wa rika la Rubani, waliokuja wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda harusini. Taa zilipozimwa, mkono wa Mkasi ukatafuta saa ambayo haikuwepo tena, ukatulia juu ya pochi.

Saa ya kwanza ilimvunja moyo. Ilikuwa ni zile zile filamu za mwisho za mwongozaji: milio, moto, mtu anamweleza mwenzake kituo ni nini na kipo wapi ilhali wote wawili wanaishi humo. Rubani alikuwa akimnong'oneza, "Mwaka huu wametumia mitambo hasa!" na yeye akiitikia kwa kichwa. Lakini ilipofika katikati, kelele zilikatika ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Rubani wa kwenye picha, naye amezeeka, yuko nyumbani. Binti yake ameitwa, anatumwa kituo kile kile. Wanazunguka ndani ya nyumba, binti anakunja nguo, anazikunjua, hawasemi. Mkasi aliinuka kidogo kitini. Huyu ndiye aliyekuwa mwongozaji wake wa zamani. Ile mikono ya filamu ya mvua ilikuwa imerudi, ila sasa ilitetemeka, na kamera haikuona haya kuionyesha ikitetemeka. Ujana wa mwongozaji ulikuwa na ukimya wa mtu anayejua kwamba anatazamwa. Ukimya huu wa uzeeni haukuwa na majivuno yoyote.

Kisha binti akafika mlangoni na begi. Akasema, "Nimetumwa, baba. Sina jinsi."

Mzee aliangalia kiatu cha binti yake, kamba imefunguka. Akapiga magoti kwa taabu, akaifunga. Akasema kutoka kule chini, "Usiniambie umetumwa."

Binti akasema, "Ninakwenda, baba."

Ukumbini vijana walikuwa wanalia waziwazi, kulia kwa kwikwi, binti mmoja amejifunika uso kwa mtandio. Watu wazima walikuwa wanatazamana. Mzee mmoja nyuma yao alisema bila kuficha, "Sasa kiatu kinahusu nini hapa?"

"Dada," Rubani alinong'ona, "hii ya kiatu imetoka wapi? Ile ya kwanza nimeiona mara sita."

"Tutazame kwanza," akasema.

Binti alitoka. Kamera ikabaki kwenye mlango. Mkasi alihesabu kichwani, bila kutaka. Zilifika sekunde ishirini na sita.

Walipotoka nje jua lilikuwa kali bado. Rubani hakuwa mtu wa kukaa na swali. Alimsimamisha yule binti wa mtandio, ambaye alikuwa anafuta macho kwenye ngazi.

"Samahani, binti yangu. Pale kwenye kiatu, mlilia nini?"

"Jamani, mzee, si ndivyo alivyomfanyia baba yake! Kwenye ile ya kwanza. Aliporudi jikoni kumuaga."

"Hakurudi. Alitoka getini akapanda chombo."

"Alirudi! Niliitazama juzi kwenye simu." Binti alimtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayemtazama mzazi aliyeanza kusahau. "Mzee, una uhakika uliitazama?"

Akaenda zake na wenzake. Rubani alibaki pale pale. Kisha akageuka polepole.

"Dada. Wewe wakati ule ulishakuwa bodi."

"Tutafute pa kukaa," alisema Mkasi.

Waliingia kwenye mgahawa mdogo ng'ambo ya barabara, wakakaa meza ya ukutani. Chai ililetwa ikapoa. Mkasi alijipiga moyo konde.

"Kilikuwepo kipande," akasema. "Dakika nne. Kilikatwa."

"Nani alikata?"

Hapo palikuwa na njia rahisi. Mkuu wa bodi alishakufa miaka mingi, asingekuja kujitetea. Mkasi aliitazama njia hiyo, akaiacha.

"Mimi. Mkuu alishasema ipite. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono."

"Kwa nini?"

"Nilitaka waone kwamba nina akili."

Rubani alitazama mikono yake, mikono mipana ya fundi yenye makovu. Mhudumu alikuja kuuliza kama chai ina kasoro.

"Nisimulie," Rubani akasema hatimaye. "Chote. Usiruke kitu."

Akamsimulia. Aliweza, kwa kuwa kabla ya kukikata alikipitisha mara tano ili kuweka alama, na tangu hapo hakikumtoka. Alimwambia jinsi rubani anavyofika getini, gari linamngoja, injini inanguruma, naye anasimama. Anageuka. Anarudi mpaka jikoni, ambako baba yake ameketi mezani anashona kifungo kwenye shati la zamani la mwanawe, kwa sababu hakutaka kumtazama akiondoka. Yule rubani wa filamu anasema, "Nimetumwa, baba, sina jinsi." Mzee anasema, "Waliokutuma hawalijui hata jina lako. Usiniambie umetumwa. Niambie unakwenda." Mwanawe anasema, "Ninakwenda, baba." Halafu rubani anaona kamba ya kiatu cha mzee imefunguka, anainama kuifunga, na mzee anamwekea mkono kichwani, sindano ikiwa bado vidoleni.

"Kwa hiyo aligeuka," alisema Rubani.

"Aligeuka."

Aliinuka, akavuta kiti akakirudisha mahali pake taratibu, akatoka. Kupitia kioo Mkasi alimwona akivuka barabara bila kuangalia magari.

Wiki tano zikapita. Alipiga simu, ikaita ikakatika. Siku nyingine mke wa Rubani ndiye aliyepokea. "Yupo, wifi," alisema kwa sauti ya chini, "lakini hataki. Na mimi hajaniambia ni nini. Anakwenda kazini, anarudi, anakaa. Mvumilie." Mkasi akavumilia. Aliosha mapazia ambayo hayakuwa machafu. Alianza kumwandikia barua mara nne, na kila mara aliiona inageuka kuwa ripoti, akaichana.

Rubani alikuja siku ya kazi, saa nne asubuhi, bado amevaa sare ya idara. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Nina swali moja. Asubuhi ile niliyoondoka. Baba alikuwa macho?"

Jibu zuri lilimjia Mkasi papo hapo, limekamilika. Alikuwa macho, mdogo wangu. Alikusikia ukivaa viatu, akasema mwache aende, akakutakia heri. Ni nani angempinga? Wote waliokuwa ndani ya nyumba ile walikuwa watatu, na mmoja yuko kaburini. Aliona jinsi mabega ya mdogo wake yangeshuka akilisikia.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nimelala. Nilipoamka alikuwa anakunywa chai. Aliuliza kama umeondoka, nikamwambia ndiyo. Hakusema kingine."

"Hakusema kingine."

"Hapana."

Rubani aliinamisha kichwa. Akalia, si kwa sauti, na dada yake hakumsogelea kwa kuwa hakujua kama ana haki hiyo. Baada ya muda alijifuta kwa mkono wa shati.

"Filamu haikunishika mkono ikanitoa nyumbani," alisema. "Nimeliwaza hilo wiki zote hizi. Nilikuwa na miguu yangu. Ningeweza kugeuka hata kama hakuna aliyenionyesha."

"Ungeweza. Na mimi ningeweza kutonyoosha mkono."

"Ndiyo." Hakulipunguza neno hilo. "Nimekukasirikia, dada. Bado. Sijui litakwisha lini."

"Sawa."

"Na nyingine? Nimetazama filamu maisha yangu yote. Niambie ulikata nini."

Kiapo kilikuwa bado kinamfunga, na kwa mara ya kwanza akakivunja. Alimtajia moja baada ya nyingine, kadiri alivyokumbuka. Nyingine zilimfanya Rubani apige paja kwa hasira: "Ndiyo maana yule polisi alikuwa hafi!" Walipofika kwenye filamu ya ndugu wawili na roboti, Mkasi alisita.

"Ile waliikata kabla sijaanza kazi. Niliisoma kwenye faili. Sekunde thelathini. Ndugu wanafungua bati la kifuani la roboti wapate kulitengeneza."

"Sasa hapo pana ubaya gani?"

"Faili linasema uchi."

Rubani alimkodolea macho. "Uchi wa roboti?"

"Uchi wa roboti. Na mihuri miwili."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, naye Mkasi akacheka, wakacheka wote wawili mpaka wakaona aibu, wakanyamaza. Mkasi aliinuka akaweka maji ya chai jikoni. Kutoka huko aliuliza, bila kumtazama, "Siku hizi kipo kwenye simu kile kipande. Yule binti alisema. Unataka nikutafutie?"

"Wajukuu walishanitafutia," alisema Rubani. "Niliwaambia wazime."

"Kwa nini?"

Nje jirani alikuwa anakung'uta zulia, pigo moja moja.

"Ninacho kile ulichonisimulia mgahawani," akasema. "Ndani yake yule mzee ana sura ya baba. Ana mguu wa baba. Nikikitazama kwenye simu nitamwona mtu mwingine."

Mkasi alileta vikombe viwili, akavuta kiti. Rubani alikunywa chai yake hadi mwisho, akaangalia saa, akasema kituo namba tatu kina pampu inayovuja tangu jana na vijana wanamngoja. Mlangoni alimwambia atapiga simu Jumapili. Hakupiga Jumapili ile. Alipiga iliyofuata.